Mashine Ilichora, Aliyechagua ni Bibi Vera

Mmeuliza wiki hii kama picha iliyochorwa na kompyuta ni sanaa au ni ujanja tu wa mashine. Mi nasema ni sanaa, na shahidi wangu ni bibi mmoja anaitwa Vera Molnár, maana watu wanaongea kana kwamba haya mambo yameanza juzi na hizi AI.

Kazaliwa Budapest, Hungaria, 1924, kasomea sanaa chuoni huko huko, 1947 akahamia Paris akaweka makazi. Sasa sikieni, kuanzia 1959 alikuwa na kitu anakiita mashine ya kufikirika, yaani anajitungia masharti kama ya programu halafu anayafuata mwenyewe kwa mkono, hatua moja baada ya nyingine, na kompyuta yenyewe hajaigusa! Kaja kuigusa 1968, kwenye kituo cha utafiti cha chuo kikuu huko Paris, enzi ambazo kompyuta ni ya wanasayansi, mchoraji anaenda kutafuta nini pale. Akajifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, programu yenyewe unaitoboa kwenye kadi, skrini hamna, huoni chochote mpaka ile plota, mashine inayoshika kalamu na kuichora karatasi, imalize kazi yake.

Kuna kazi zake zinaitwa Interruptions. Ni vimstari vifupi vilivyonyooka, vingi mno, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kimegeuzwa upande wake kwa bahati nasibu tu, halafu kuna sehemu vimeondolewa pakabaki matundu meupe. Ukiangalia haraka unaona fujo, ukikaa nayo unaona kuna mpango, na macho yanabaki yanahangaika hapo katikati. Nyingine ya miaka ya 70 kaipa jina la asilimia 1 ya vurugu, miraba imepangwa vizuri kabisa, ila kaichokoza kidogo tu. Sasa nani kaamua iwe 1 na sio 20? Plota we iambie ichore karatasi mia itachora mia na kwake zote sawa, haina inayoipenda. Aliyekuwa anakaa na karatasi zake anaangalia, hii hapana, hii inakaribia, hii ndo yenyewe, ni Vera, na kwangu sanaa iko hapo hapo. Ndo maana mtu anayeandika neno moja leo akarusha picha ya kwanza iliyotoka bila hata kuitazama mara mbili, huyo siwezi kumtetea.

Halafu kuna zile barua za mama yake. Mama alibaki Hungaria akawa anamwandikia, na mwandiko wake kila mstari unaanza kushoto umetulia, ukifika kulia umeshachachamaa. Mama alipofariki, Vera akaandika programu inayochora mistari ya namna hiyo, hakuna herufi hata moja unayoweza kuisoma, ila tabia ya mwandiko ipo. Nani atasema hiyo ni hesabu tu jamani.

Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, wakaonyesha kazi zake 2022 akiwa na miaka 98, kafariki Desemba 2023 bado kama mwezi afikishe 100. Na mwaka huo huo kazi zake 500 za NFT, yaani picha za kidijitali zinazouzwa na hati ya umiliki ya mtandaoni, zilipigwa mnada na Sotheby's, kampuni ya minada, zikaisha zote, mi hizo NFT sizipendi hata kidogo, ila kwa umri ule acha tu bibi ale.