Tundu la kadi kwenye kamera: linaharibikaje, na unalilindaje

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kamera mbili. Moja ni ya zamani, inatumia kadi za CompactFlash (CF), na nyingine ni mpya, ya SD. Ile ya CF imeanza kunionyesha ujumbe wa hitilafu ya kadi. Fundi alipochungulia ndani akasema pini moja imelala. Ya SD bado nzima, lakini sasa naogopa hata kuchomoa kadi. Je, ni kweli kutoa na kuingiza kadi kila siku ndiko kunakoua tundu? Niachane na kisoma kadi, nitumie waya wa USB tu? Na hiyo pini, inanyooka?

JIBU: Hofu ya kuchomoa kadi iondoe kwanza. Viunganishi vya kadi hizi kwa kawaida hukadiriwa kuhimili kuingiza na kutoa mara 10,000 hivi. Ukibadilisha kadi mara mbili kwa siku, bila kupumzika hata siku moja, hizo ni siku 5,000, yaani zaidi ya miaka 13. Tundu halifi kwa kuzeeka. Huuawa siku moja, na chanzo huwa karibu kila mara ni kati ya hivi vitatu: kadi iliyokaa kombo ikasukumwa kwa nguvu, kadi iliyopasuka ikaingizwa hivyo hivyo, au uchafu ulioingia ndani. Kwa hiyo usihesabu mara ngapi umebadilisha kadi. Angalia kila inapoingia.

Nianze na ya CF, maana hiyo tayari inaumwa. Katika mfumo huu pini ziko ndani ya kamera: 50, safu mbili za 25, nyembamba, na kutoka pini hadi pini ni milimita 1.27 tu. Kadi yenyewe ina matundu yanayozimeza. Upana wa kadi ni milimita 42.8 na unene wa ile ya kawaida ni 3.3. Mifereji miwili ya ubavuni haina upana sawa, na hilo ni makusudi, ili kadi iliyogeuzwa isizifikie pini. Lakini mifereji hiyo inafaa tu pale reli za ndani ya kamera, zile zinazoiongoza kadi, zinapokuwa ndefu na hazijalika. Reli zikiwa fupi au zimelegea, kadi huingia imeinama kidogo, ukingo wa tundu lake ukakutana na ncha ya pini badala ya pini kukutana na uwazi. Ukisukuma hapo, pini inalala. Inaweza pia kulalia jirani yake na kupiga shoti, na shoti hiyo inaweza kuunguza kadi au hata bodi ya kamera. Ndiyo maana kamera yenye pini iliyolala haiwashwi ikiwa na kadi ndani, hata kwa kujaribu tu.

Jinsi ya kuingiza CF ni hivi. Pachika pembe zote mbili za mbele kwenye reli, kisha weka kidole gumba katikati ya ukingo wa nyuma na usukume taratibu. Sehemu kubwa ya safari kadi inateleza yenyewe. Ugumu unatakiwa kuanza milimita chache za mwisho, pini zinapoingia, na uwe sawa pande zote. Ukiusikia mapema kuliko hapo, au upande mmoja tu, toa kadi uanze upya. Usimalizie kwa kubonyeza pembe moja. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kulaza pini.

Kabla ya kulaumu kamera, chunguza kadi na kisoma kadi kwa tochi na kioo cha kukuza. Matundu yote 50 yawe wazi na yafanane. Tundu lililozibwa na plastiki iliyosagika au mchanga litapinda pini ya kila kifaa utakachochomeka kadi hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea: ugonjwa huu unaambukiza. Kisoma kadi hafifu chenye pini iliyopinda kinaharibu tundu la kadi, kadi inaenda kupinda pini ya kamera, kamera inaharibu kadi ya pili. Watu hutengeneza kamera, kisha wanarudisha kadi ileile. Kadi yenye tundu lililoharibika nakili picha zake kama bado inasomeka bila kulazimisha, kisha itupe. Kisoma kadi cha CF kisicho na reli ndefu nacho kiache, hata kama bado kinafanya kazi.

Pini iliyolala inanyooka mara nyingi, ila chuma chake hakivumilii kukunjwa mara nyingi. Zima kamera, toa betri, toa kadi, elekeza mwanga moja kwa moja ndani ya tundu. Kifaa kinachofaa ni kitu chembamba chenye uwazi ncha: kalamu ya risasi ya kubonyeza ya 0.5 au 0.7, iliyotolewa risasi zote, ncha yake inaivaa pini vizuri. Kama pini imelala kabisa hata haivaliki, iinue kwanza kwa ncha ya kibano chembamba mpaka iachane na sakafu, halafu ivishe ncha ya kalamu na uisogeze kidogo kidogo hadi iwe sambamba na majirani. Lengo ni kusogea mara moja kuelekea mahali pake. Ukiirudisha huku na kule ukitafuta unyoofu kamili, itakatika shinani. Usishangae kuona zote hazilingani urefu: pini za umeme zimefanywa ndefu kidogo ili ziguse kwanza, na mbili za kutambua kadi, zilizo kwenye ncha mbili za kiunganishi, ni fupi zaidi ili ziguse mwisho. Linganisha unyoofu, urefu uache. Ukimaliza, jaribu kwa kadi uliyokwisha kuikagua, si ile iliyoleta tatizo.

Ikikatika, au ikizama nyuma ndani ya plastiki yake, kazi hiyo si ya nyumbani tena. Kiunganishi kizima hubadilishwa. Kwenye baadhi ya kamera kiko kwenye bodi yake ndogo, na kwenye nyingine kimechomelewa kwenye bodi kuu. Muulize fundi yako ni ipi kabla hamjaafikiana gharama, kwa sababu tofauti yake ni kubwa.

Sasa SD. Hakuna pini za kupinda hapa. Kadi ina pedi bapa za rangi ya dhahabu, 9 kwenye kadi za kawaida, na kadi za UHS-II (SD za kasi zaidi) zina safu ya pili inayofikisha jumla 17. Ndani ya kamera kuna vilimi vya springi vinavyobonyea juu ya pedi hizo. Adui wa vilimi ni ganda la kadi. Kadi ya SD ina unene wa milimita 2.1, na ganda lake ni vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa. Likianza kuachana kwenye kingo, kadi huingia vizuri tu. Shida ni wakati wa kutoka, kwa sababu ukingo ulioachana unanasa kilimi na kukivuta nje. Tazama pia vile vikuta vyembamba vya plastiki vinavyotenganisha pedi. Kimoja kikivunjika, kipande chake kinabaki ndani ya tundu na kuinua kilimi kisiguse. Kwa hiyo kila unapofomati kadi, pitisha ukucha kuzunguka kingo zake na uhesabu vikuta kwa macho. Iliyofunguka haigundishwi kwa gundi. Inatupwa.

Stika nazo ziache. Kadi inapata joto ikiandika, gundi inalainika, pembe ya stika inajikunja ndani ya tundu, na kadi haitoki. Kama lazima uweke alama, andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya lebo. Tepu inayobandikwa pale kitufe cha kufungia kadi isiandikwe kilipodondoka ina hatari hiyohiyo. Kitufe kile hakina umeme wowote, ni plastiki inayobonyeza swichi ndani ya kamera. Kikipotea, kamera huona kadi imefungwa. Kamera yako ikisema kadi imefungwa, basi, tundu halijafa. Angalia kitufe kwanza, hasa kwenye kadi za zamani ambazo kitufe hulegea na kusogea kadi inapoingia.

Adapta za microSD, yaani maganda ya kuvalisha kadi ndogo iingie kwenye tundu la SD, zinafaa kwa dharura. Nyingi zimelegea au zimejikunja kidogo, na zinaongeza sehemu nyingine ya kugusana inayoweza kukosa mawasiliano katikati ya kazi. Ukiitumia, itoe adapta yote. Usiache adapta ndani ukivuta kadi ndogo peke yake.

Kadi ya SD inaingia kwa kubonyeza hadi ilie, na inatoka kwa kubonyeza tena. Iachie huku kidole bado kipo, springi isije ikairusha. Isipotoka, zima kamera, toa betri, ibonyeze katikati mara kadhaa bila haraka. Mara nyingi ndoano ya springi inajiachia. Usivute kwa koleo. Koleo ndilo linaloharibu springi iliyokuwa bado nzima. Na upande wa kuelekeza lebo hautabiriki kati ya kamera na kamera, kwa hiyo fuata mchoro uliochapwa kando ya tundu, usifuate mazoea ya kamera yako nyingine.

Kadi za XQD na CFexpress aina B, ambazo ni aina nyingine za kadi za kamera, hazina shida ya pini zilizo wazi namna ya CF. Ila zinaweza kupata moto sana zikirekodi video. Subiri zipoe kidogo kabla ya kuzishika, ili zisikuponyoke.

Uchafu: mlango wa kadi ukae umefungwa, na kadi isiyo ndani ya kamera ikae kwenye kikasha chake, si mfukoni. Nyuzi za nguo na chembe za mchanga huingia tunduni zikiwa zimepanda kadi. Kusafisha, elekeza tundu chini na pulizia kwa pampu ya mpira ya lenzi. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi. Kopo la hewa likiinamishwa hurusha kimiminika baridi, sipendekezi. Pamba usiingize kabisa ndani ya tundu, nyuzi zake hunasa kwenye vilimi. Pedi za kadi zifute kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha ziache zikauke dakika chache. Raba ya kufutia hukwangua dhahabu, ambayo ni tabaka jembamba mno, na huacha vumbi lake. Mafuta ya kulainishia hayana kazi hapo. Ukitoka kwenye baridi kuingia penye joto na unyevu, iache kamera ndani ya begi nusu saa hadi saa nzima kabla ya kufungua mlango wa kadi, umande usije ukatua kwenye viunganishi.

Kuhusu waya wa USB: tundu la USB nalo lina kikomo, na kwa kawaida ni gumu kulitengeneza kuliko kisoma kadi, ambacho kikiharibika unanunua kingine. Kwa kamera ya CF yenye reli zilizolika, waya ni busara, mradi uwe na kibano cha kuushikilia kamerani na usining'inie ukivuta. Kwa kamera yako ya SD, endelea kuchomoa kadi, ila subiri taa ya kuandika izime. Ukiwahi, tundu litabaki salama lakini picha zinaweza kupotea.