Kuhamisha listi ya barua pepe: programu ni sehemu rahisi

Kijana mmoja kaniandikia: "Habari kaka. Kundi letu la mafundi mitandao lina listi kwenye Mailman ya zamani, seva imechoka, wenzangu wanataka tuifunge twende WhatsApp. Wewe ulishahamisha ya kwenu, tuanzie wapi?" (Mailman ni programu ya kuendesha listi, yaani anwani moja ya barua pepe inayosambaza barua kwa wanachama wote.) Nimemjibu kwa kifupi. Jibu refu nalileta hapa, maana najua wako wengi wenye seva ya namna hiyo chini ya meza ya ofisi fulani, na mwenye nenosiri lake alishahamia Dubai.

WhatsApp, hapana. Swali la miaka kumi iliyopita kuhusu kuunganisha ruta mbili bado linasomeka kwenye kumbukumbu za listi, na jibu lake lipo chini yake. Kwenye WhatsApp lingeshazikwa chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja.

Sisi tulikuwa na Mailman 2.1. Programu nzuri, haikuwahi kutuangusha. Ila inaendeshwa na Python 2, lugha ya kuandikia programu ambayo watengenezaji wake waliacha kuitunza tarehe 1 Januari 2020, na mfumo endeshi wa Debian 11 wa mwaka 2021 ulitoka bila Mailman 2. Isitoshe, manenosiri ya wanachama iliyaweka wazi bila kuyaficha, na ukiiachia mipangilio yake ya kawaida, kila mwezi inamkumbusha kila mtu nenosiri lake kwa barua pepe. Kundi zima la watu wanaofundisha wenzao usalama wa mitandao! Nililisema hilo kikaoni, mzee wetu mmoja akanitazama juu ya miwani: "Kijana, usiache mbachao kwa msala upitao." Ukumbi mzima ukacheka. Nilitoka nimenuna, na sijui kama kununa kwenyewe kumeisha.

Basi nikaihamisha. Mailman 3, iliyotoka mwaka 2015, imeundwa upya: kuna kiini kinachopokea na kusambaza barua, kuna Postorius ambayo ni kurasa za wasimamizi na wanachama, kuna HyperKitty inayotunza kumbukumbu. Wanachama na mipangilio huhama kwa amri moja, import21, ukiipa faili la config.pck la listi ya zamani. Mtu akijisifu kwa hilo, mcheke.

Kazi iko kwenye barua za zamani. Mailman 2 inazirundika kwenye faili moja la mbox, na kinachotenganisha barua na barua ni mstari unaoanza na neno "From". Aliyeandika kwa Kiingereza na kuanza mstari kwa neno hilo, barua yake inaweza kukatwa vipande viwili, cha pili hakina mwandishi wala tarehe. (Walioandika kwa Kiswahili hawakunisumbua hata kidogo. Nililisema hili kwenye kikao kilichofuata, hakuna aliyecheka.) Mailman 2 ina kifaa kiitwacho cleanarch cha kurekebisha hayo, kiendesheni kabla ya kuingiza chochote HyperKitty. Kisha tafuteni barua zenye tarehe za ajabu, za mwaka 1970 au za miaka ambayo haijafika. Zipo, kompyuta za watu saa zake zilikuwa mbovu.

Na kurasa za zamani za kumbukumbu msizifute. Ziacheni kwenye anwani zilezile, zisomwe tu. Viungo vyake vimetapakaa kwenye ripoti, tasnifu za vyuo na maelezo ya programu za watu, na HyperKitty inatumia anwani tofauti kabisa.

Jambo jingine ni kufika kwa barua. Seva mpya ina IP mpya, yaani namba yake ya mtandaoni, na IP isiyojulikana hutiliwa shaka. Wekeni SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu), DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) na rekodi ya kurudisha IP kwenye jina kabla ya kutuma barua ya kwanza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya kupokea barua. Halafu DMARC, yaani agizo la mwenye kikoa (jina la mtandaoni) kuhusu barua zisizothibitika. Mwaka 2014 Yahoo walipoagiza barua zenye jina lao zisizothibitika zikataliwe, listi duniani kote zilivurugika, kwa sababu listi ikiongeza maneno kwenye kichwa cha barua au chini yake, saini ya DKIM inavunjika. Kwenye Mailman 3 ipo sehemu ya kuagiza barua za namna hiyo zitoke kwa anwani ya listi. Iwasheni mapema.

Anzeni na listi ndogo, ya kamati. Watangazieni watu, watangazieni tena, kwa sababu kubadili mipangilio kwenye Mailman 3 kunahitaji kufungua akaunti upya na nenosiri la zamani halifanyi kazi. Waliolalamika kwetu ni walewale wasiosoma matangazo.

Jamani, tuache tabia ya kulitegemeza kundi zima kwa mtu mmoja. Andikeni nani ana funguo za seva, nani analipia kikoa, chelezo (nakala za akiba) ziko wapi. Wawili wajue, si mmoja. Kwenye mkutano wetu mkuu aliyeshukuriwa ni aliyeleta bango. Sawa, bango lilikuwa zuri.

Kijana wangu, umeniambia mbox ya miaka ya mwanzo imepotea. Kabla hamjakata tamaa, ulizeni wanachama wa siku nyingi. Mara nyingi yupo mmoja asiyefuta barua, na Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, kwa kawaida hutunza folda zake kwa mbox hiyohiyo. Kwetu alikuwa yule mzee wa mbachao.