Ghorofa ya 31 au ya 8: jibu la mtu aliyeishi juu kwa miaka tisa

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba wewe na mwenzi wako mmepata nafasi ya kununua fleti katika jengo la kifahari lenye ghorofa 34, na kwamba mbele yenu zipo mbili zinazolingana kwa vyumba na ukubwa: moja iko ghorofa ya 31 na nyingine ghorofa ya 8. Umesema pia kwamba mtaishi na mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua, kisha ukauliza kama maisha ya juu yanastahili tofauti ya bei mliyotajiwa. Nimeishi ghorofa ya 23 ya jengo la aina hiyo kwa miaka tisa, na katika miaka minne kati ya hiyo nilikuwa mjumbe wa kamati ya wamiliki. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, tena kwa kirefu, kwa sababu uamuzi huu ni mzito na madalali huuelezea upande mmoja tu.

Kuhusu mandhari, wachangiaji waliokwambia kwamba utaizoea baada ya miezi miwili na kuisahau hawakusema lililonipata mimi. Hadi mwaka wa tisa nilikuwa nikisimama dirishani asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nilikuwa nikiiona mvua ikitembea juu ya mapaa ya mji robo saa kabla haijatufikia. Mwanga wa asubuhi ulijaa nyumba nzima bila jengo la jirani kuuziba, na mbu walikuwa wachache mno. Jambo hili lina thamani yake na sitalidharau. Hata hivyo, upepo ulitunyima baraza kwa siku nyingi kuliko nilivyotarajia, madirisha yalifunguka upana wa kiganja tu kwa sababu za usalama, na kelele za honi hazikupungua kwa kiasi nilichodhani, kwa kuwa sauti hupanda juu moja kwa moja pasipo ukuta wa kuizuia. Jengo refu pia huyumba kidogo, na limesanifiwa liyumbe. Taipei 101, jengo refu la huko Taiwan, imetundikiwa pande la chuma la tani 660 karibu na kilele chake, kazi yake ikiwa ni kutuliza myumbo huo. Kwetu ghorofa ya 23 niliuhisi mara mbili tu, usiku wa dhoruba, nilipoona maji ya kwenye beseni yakicheza.

Jambo ninalotamani ningeambiwa kabla ya kusaini ni hili: vyumba na dirisha ni sehemu ndogo ya unachonunua. Unanunua hisa katika mitambo inayokuwezesha kuishi huko juu, na unaingia ubia na watu usiowajua ambao kura zao ndizo zitakazoamua kama mitambo hiyo itatunzwa. Mwenye nyumba ya chini akiharibikiwa na pampu humwita fundi jioni hiyo hiyo. Sisi wa ghorofani huitisha mkutano.

Chukua maji. Kila mita 10 za kupanda hupunguza msukumo wa maji kwa takribani baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo ghorofa ya 31, iliyo karibu mita 90 kutoka ardhini, inadai msukumo wa baa 9 hivi kabla hata tone moja halijatoka bombani. Ukiyasukuma maji yote kwa nguvu hiyo kutoka chini, utapasua mabomba ya ghorofa za mwanzo. Ndiyo maana jengo hugawanywa katika kanda, kila kanda na pampu au tangi lake, pamoja na valvu za kupunguza msukumo. Valvu moja kati ya hizo ilipochoka katika jengo letu, ghorofa nne zilipata maji ya nguvu kupita kiasi kwa wiki nzima bila mtu kutambua sababu, mpaka mpira wa mashine ya kufulia wa jirani wa ghorofa ya 24 ulipopasuka wakati mwenyewe amesafiri. Maji yaliteremka kwangu na kwa majirani wawili walio chini yangu. Kabati la korido lenye koki ya kufungia lilikuwa na kufuli, na mlinzi wa zamu hakuwa na ufunguo. Baadaye niligundua kwamba bima ya jengo ililipa kuta na dari lakini haikugusa sakafu ya mbao niliyoiweka mwenyewe, wala kabati, wala godoro. Uliza mapema mpaka wa bima ya jengo unaishia wapi, na ukate bima yako kuanzia hapo.

Sasa nije kwenye lifti, ambayo kwa familia yako ndiyo kiini cha swali. Kabla ya lifti salama, ghorofa za juu zilikuwa makazi ya watumishi na wapangaji wa kodi ndogo, kwa sababu hakuna tajiri aliyetaka kupanda ngazi. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu jijini New York, akaamuru kamba ikatwe, na breki zake zikalishika jukwaa lisianguke. Tangu hapo thamani ikaanza kuhamia juu. Kwa hiyo bei ya ghorofa ya 31 inasimama juu ya lifti, na lifti hufikia umri wa kufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya takribani miaka 20 hadi 25.

Jengo letu lilikuwa na lifti tatu kwa familia 168. Moja ilikuwa imesimama ikisubiri vipuri, ya pili ikaharibika, na kwa siku kumi na moja tulibaki na moja tu, ambayo nayo ilikuwa ikizimika jioni kwa kuelemewa. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akitembea kwa mkongojo, alikuwa akikaa nasi wakati huo. Hakushuka chini siku zote hizo. Hakulalamika hata siku moja. Alivuta kiti chake dirishani na kuwaangalia watu wakitembea barabarani. Mandhari ile ile niliyoisifu hapo juu, kwake ilikuwa kuta za kifungo, na bado naumia nikikumbuka kwamba mimi ndiye niliyemwambia kuwa lifti za jengo la kifahari haziharibiki.

Lipo pia suala la dharura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada ulifuatilia watu ambao moyo ulisimama ghafla wakiwa katika makazi yao Toronto na eneo jirani la Peel. Waliokuwa chini ya ghorofa ya tatu walinusurika kwa asilimia 4.2, na waliokuwa ghorofa ya tatu na kuendelea kwa asilimia 2.6. Juu ya ghorofa ya 16 hawakufika hata asilimia 1, na juu ya ghorofa ya 25 hakunusurika yeyote. Idadi ya wagonjwa wa huko juu kabisa ilikuwa ndogo, lakini sababu inaeleweka: gari la wagonjwa huweza kufika mlangoni kwa dakika chache, kisha wahudumu wakapoteza dakika nyingine wakitafuta kadi ya kufungulia mlango na kusubiri lifti. Tulipokuwa kwenye kamati tulipitisha mambo mawili yasiyo na gharama kubwa, ambayo jengo lolote laweza kuyafanya: kifaa cha kushtua moyo kiliwekwa mapokezi na walinzi wote wakafunzwa kukitumia, na mlinzi akapewa wajibu wa kuishikilia lifti moja chini mara tu simu ya dharura inapopigwa. Uliza kama jengo unalolitaka lina utaratibu wa namna hiyo.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Ngazi za magari mengi ya zimamoto hufika mita 30 hivi, yaani ghorofa ya 8 bado inafikika kwa nje ilhali ya 31 inategemea kabisa ulinzi wa ndani: milango ya kuzuia moto, vinyunyizio vya maji darini, na ngazi zisizoingiwa na moshi. Jengo la Grenfell, London, ambako watu 72 walikufa kwa moto ulioanza usiku wa tarehe 14 Juni 2017, lilikuwa na ngazi moja tu na vifuniko vya nje vilivyoshika moto, na wakazi wengi walikuwa wameelekezwa wabaki ndani. Pita kwenye ngazi za jengo lako. Ukikuta mlango umezuiwa kwa tofali usijifunge, au baiskeli na masanduku kwenye vibaraza vya ngazi, umekwisha kujua jinsi jengo linavyosimamiwa.

Nimebakisha fedha na watu, mahali ambapo nilijifunza mengi zaidi. Ada ya huduma ya kila mwezi utakayotajiwa huwa na sehemu mbili: ya kuendesha jengo leo, kama ulinzi, usafi, umeme wa korido na bwawa la kuogelea, na ya mfuko wa akiba kwa ajili ya lifti, pampu, paa na zege la miaka ijayo. Katika jengo jipya sehemu hii ya pili mara nyingi hupangwa ndogo ili ada ionekane nafuu wakati wa mauzo. Kwetu, kwa miaka mitatu mfululizo, mkutano mkuu ulikataa kuiongeza. Walioikataa hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wamiliki waliopangisha fleti zao na waliotarajia kuuza kabla ya matengenezo makubwa, na wachache walikuwa wazee wa pensheni ambao kweli hawakuwa na fedha hizo. Mwaka wa nne pampu kuu zilikufa, na kila mmiliki akatozwa mchango wa dharura uliolingana na ada yake ya miezi kumi na minne, kulipwa ndani ya siku tisini. Familia mbili nilizozifahamu ziliuza kwa hasara.

Hatari yake huweza kuvuka fedha. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la makazi la ghorofa 12 lililoitwa Champlain Towers South, huko Surfside, Florida, Marekani, liliporomoka usiku watu wakiwa wamelala, wakafa 98. Lilikuwa limejengwa mwaka 1981. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kuonyesha uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa, na wamiliki walikuwa katika mabishano marefu juu ya matengenezo yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 15. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria inayolazimisha ukaguzi wa muundo kwa majengo ya wamiliki wengi yenye ghorofa tatu au zaidi yanapofikisha miaka 30, na kuyataka yaweke akiba ya matengenezo ya muundo. Niliisoma habari ile nikiwa mjumbe wa kamati, na niliyatambua mabishano yale neno kwa neno, kwa kuwa yalikuwa yetu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua ghorofa, omba kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita, taarifa ya mfuko wa akiba, jumla ya madeni ya ada, kanuni za jengo, na ripoti ya mwisho ya mhandisi. Omba pia kujua ni sehemu gani ya wamiliki wanaoishi humo wenyewe. Muuzaji akikuletea vipeperushi vya ukumbi wa mazoezi badala ya nyaraka hizo, usiweke hata malipo ya awali.

Nyaraka zikiwa safi, jibu langu kwa familia yako ni ghorofa ya 8, na ningelitoa hata kama bei zingelingana. Mama atabaki na uwezo wa kushuka taratibu kwa ngazi, akiwa na mtu wa kumshika mkono, siku ambayo lifti zitagoma. Chunguza tu kama chini au juu yake kuna chumba cha mitambo, bwawa au maegesho, kwa sababu mngurumo wa pampu usiku humaliza raha yote. Kama mngekuwa wawili tu, vijana na wenye afya, nisingekuzuia kwenda 31.

Nenda siku ya kazi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wakati wakazi wanarudi, ukasubiri lifti mara tano ukiwa na saa mkononi. Kisha panda ngazi hadi ya 8 ukiwa umebeba mzigo wa kawaida wa nyumbani, na uangalie kama kuna mahali pa mtu mzima kukaa na kupumua njiani. Ukishapata kumbukumbu za mikutano, futa majina ya watu uzilete hapa kwenye uzi huu, nami nitazisoma pamoja nawe ukurasa kwa ukurasa.