Dar–Guangzhou ni saa ngapi? Acha saa kwanza, hizo tiketi usilipie

Mkuu, hizo tiketi mbili usilipie. Salamu tutapeana baadaye.

Umeuliza Dar hadi Guangzhou, Uchina, ni kilomita ngapi, saa ngapi angani, dola ubadilishie wapi na hoteli ipi iko karibu na Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika unakata Dar–Dubai peke yake na Dubai–Guangzhou peke yake, katikati una saa tatu, utaokoa dola 150. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Umbali ukinyoosha mstari ni kama kilomita 8,700. Kupitia Dubai unazunguka: karibu 4,000 hadi pale, saa tano na nusu hivi, kisha 5,800 nyingine, saa saba na nusu. Jumla saa 13 angani. Nami nilikata tiketi mbili hivyohivyo, nikapiga hesabu hiyohiyo nikajiona injinia.

Nilikuwa nawahi awamu ya pili ya Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya hapohapo Guangzhou, Oktoba 23 hadi 27, ile ya vyombo vya nyumbani, maana ndivyo ninavyouza Kariakoo. Aliyenikatia tiketi, kijana mmoja wa tai na kalkuleta, akaniapia: "Saa tatu nyingi sana braza, utakunywa na kahawa." Kahawa nilikunywa. Siku mbili.

Dar tulichelewa kuondoka dakika 50. Si neno. Kumbe begi langu lilibandikwa lebo ya Dubai! Likawa linazunguka kwenye mkanda, upande wa pili wa madirisha ya uhamiaji, na viza ya kule sina. Ya nini, wakati niliambiwa napita tu? Boding pasi ya ndege ya pili nayo inatolewa kaunta ya nje, ng'ambo ya uhamiaji haohao, tena jengo jingine. Dada wa dawati la transiti akaziweka karatasi zangu mbili sambamba, akazitazama, akaniambia kwa upole kwamba kwa hesabu zao nimeshafika mwisho wa safari. Mwisho wa safari! Suti ya maonyesho ninayo begani.

Ndege ikaenda zake. Nikaandikwa sikutokea, tiketi ikafa, hela hairudi. Tiketi mpya dola 870, shemeji ndiye aliyeniokoa. Nililala kwenye viti vya chuma, baridi kama nimefungiwa kwenye friji la samaki pale Feri, nimejifunika koti la suti. Guangzhou niliingia tarehe 26 usiku, na wao wako mbele yetu saa tano. Kesho yake nafika ukumbini, watu wanafunga sampuli kwenye maboksi. Nilirudi na katalogi nne na mafua.

Kumpigia yule kijana: "Braza, ndege kuchelewa ni mipango ya Mungu." Mungu ndiye aliyeniuzia tiketi mbili zisizojuana?

Namba ya bukingi iwe MOJA, Dar hadi Guangzhou. Ya kwanza ikichelewa, kukutafutia nyingine ni kazi ya shirika la ndege. Na pale kaunta ya Dar soma lebo ya begi kwa macho yako: iandikwe CAN, ndiyo Guangzhou. Ukiona DXB, yaani Dubai, ndiyo mwisho wake, ganda hapohapo, foleni ikutukane.

Weka hapa picha ya hiyo bukingi kabla hujalipa, jina lako lifute. Halafu huyo wakala wako, anavaa tai?