Hilux ya dizeli au petroli kwa kazi za Tanga, Pangani na Muheza: jibu refu

Mkuu, umeuliza uchukue Hilux Vigo ya petroli 2.7 au ya dizeli 3.0. Unakaa Chumbageni mjini Tanga, samaki unawafuata Pangani mara tatu kwa wiki, siku nyingine unasambaza vifaa vya ujenzi mjini, na msimu wa machungwa unaingia vijiji vya Muheza. Waliotangulia wengi wamekujibu kwa bei ya lita kituoni. Bei hiyo EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huitangaza upya kila mwezi, leo petroli iko juu, mwezi ujao dizeli, kwa hiyo usinunue gari la miaka kumi kwa bei ya mwezi mmoja. Kinachoamua ni kilomita unazokwenda na mzigo, aina ya dizeli yenyewe, na hewa yetu ya chumvi.

Hesabu kwanza. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, kwenda na kurudi 100. Mara tatu kwa wiki ni 300. Weka kilomita 30 za mjini kwa siku sita, 180. Jumla 480 kwa wiki, karibu 2,000 kwa mwezi. Petroli 2.7 yenye mzigo itakupa kilomita 8 kwa lita ikiwa nzima, dizeli 3.0 kama 11. Petroli itakunywa lita 250, dizeli lita 182. Tofauti ni lita 68. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa zote mbili, unaokoa 204,000 kwa mwezi. Sasa nenda duka la spea, uliza bei ya nozeli nne mpya (vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda) za 1KD, yaani injini ya dizeli 3.0 yenye turbo, pamoja na ufundi, igawe kwa 204,000. Jibu ni miezi ambayo dizeli inafanya kazi ya kulipia nozeli tu kabla hujaona faida. Anayezunguka mjini tu, Ngamiani na Majani Mapana, kilomita 780 kwa mwezi anaokoa lita 27 hivi, shilingi 80,000. Huyo achukue petroli bila kuumiza kichwa.

Mzigo nao una lake. Petroli 2.7, injini ya 2TR-FE, ina nguvu ya kuvuta ya Nm 241, lakini inaifikia kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Dizeli ya 1KD-FTV ina Nm 343 na inaanza kuzitoa kwenye 1,400 hivi. Kwenye lami ya Segera hutaona tofauti kubwa. Utaiona kwenye kilima chenye tope kuelekea Amani, machungwa yamejaa bodi na gari limesimama. Wa petroli analazimika kupiga resi na kuiachia klachi nusunusu, na klachi inanuka. Wa dizeli anaachia klachi taratibu gari linaanza kupanda. Ndiyo maana pikapu za petroli zinazobeba mizigo vijijini humaliza klachi mapema, na gharama hiyo watu huwa hawaiweki kwenye hesabu ya mafuta.

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo wengi wanapopotea. "Hilux dizeli 3.0" ni injini mbili zisizofanana. Angalia kadi ya gari. Ikisema cc 2,986 hiyo ni 5L, haina turbo. Ikisema cc 2,982 hiyo ni 1KD, ina turbo na reli ya mafuta yenye presha kubwa inayoongozwa na kompyuta. Tofauti ni cc nne tu, lakini maisha ya gereji hayafanani kabisa. Usiishie kwenye kadi, fungua boneti usome na bati la utambulisho, kwa sababu injini hubadilishwa.

5L, na dada yake 3L ya cc 2,779, ni nzito na haina haraka. Kwenye Hilux za kabla ya Vigo pampu yake ni ya kimakanika kabisa. Kwenye Vigo utakuta 5L-E, pampu inaongozwa na kompyuta lakini presha yake bado ni ya kawaida. Fundi yeyote mzuri wa dizeli hapa Tanga anaijua kwa kupapasa. Adui yake ni joto. Rejeta ikiziba au maji yakipungua, silinda hedi (kipande cha juu cha injini chenye valvu) hupasuka katikati ya valvu. Kwa hiyo usijaze maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, yanakula hedi na rejeta kwa ndani, na kutu hiyo ndiyo inayoziba njia. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Usipojua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

1KD ni injini tamu ikiwa nzima, na ni ghali ikiwa imechezewa. Ugonjwa wake unaoua unaanzia kwenye kitu kidogo sana: washa (vipete bapa) za shaba zilizo chini ya nozeli. Zikianza kuvuja, moshi wa mlipuko unapanda ndani ya kifuniko cha valvu, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na masizi yanaenda kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka, beringi zimeshaanza kulika. Fundi akikwambia injini ya 1KD "imekufa ghafla", mwambie ashushe sampu aangalie chujio hilo. Kifo chake kilianza miezi mingi nyuma. Nozeli inayomwaga dizeli nyingi mahali pamoja nayo hupasua pistoni. Ndiyo maana nozeli za 1KD hazisubiriwi mpaka gari lizime. Zipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta, injini ikiwa imepata moto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba ya marekebisho ya kila silinda iwe kati ya −3 na +3. Moja ikipita hapo, nozeli hiyo imechoka au silinda yake ina shida. Ukiweka nozeli mpya, namba zilizoandikwa juu yake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiye na kifaa cha kuziingiza asikufungie. Mkanda wa taimingi wa 1KD ni kilomita 150,000, na taa yake ya dashibodi huzimwa kwa urahisi na muuzaji, kwa hiyo kutowaka kwake si ushahidi.

Gari likiwa halikai sailensa, linapanda na kushuka au linazima ukikaribia kusimama, usikubali kuambiwa pampu nzima imekufa. Kwanza ibadilishwe SCV, ile valvu ndogo ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Sasa maji. Tanga ni mji wa unyevu, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye dizeli. Tenki linalolala nusu linajaa hewa yenye unyevu, usiku hewa inapoa, maji yanabaki kwenye kuta za tenki na kushuka chini. Kwenye petroli maji hayo yatafanya gari limisi, unamwaga, unaendelea. Kwenye nozeli ya 1KD, ambayo nafasi zake za ndani ni ndogo kuliko unywele, maji yanaleta kutu na nozeli haiponi. Jaza tenki jioni badala ya asubuhi. Kisha kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa masika, mwaga maji kwenye filta. Weka chupa ya plastiki unayoona ndani yake chini ya filta. Legeza skrubu ya chini kwa mkono, mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka dizeli safi itoke. Acha chupa itulie dakika tano. Maji ni mazito, utayaona yamekaa chini. Funga skrubu, bonyeza pampu mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 10,000, na usinunue ya bei ya kutupa, kwa sababu karatasi yake hupitisha maji.

Mafuta ya taa ndani ya dizeli ni hatari nyingine. Tangu kodi yake ipandishwe mwaka 2011 uchakachuaji umepungua sana, lakini dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara bado si ya kuiamini. Mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha kulainisha pampu. Na kijana wa kituo akikosea akaweka petroli kwenye dizeli, usiwashe, hata kusogeza gari pembeni. Lisukumwe, tenki lishushwe.

Samaki wanaleta shida ambayo haichagui mafuta: maji ya barafu yenye chumvi yanatiririka kwenye chesisi. Angalia mahali springi za nyuma zinaposhika chesisi, na juu ya tenki. Gonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya bati bovu. Tandika turubai nene, toboa njia ya maji itokee nyuma kabisa, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile. Kwa dizeli kuna sababu ya ziada, kwani kutu ya ndani ya tenki inaishia kwenye filta.

Petroli ya 2TR haina mambo mengi. Taimingi ni cheni. Oili inachukua kama lita 5.5, wakati 1KD inakunywa karibu 7, na zote mbili kwa kazi yako zimwagwe kila kilomita 5,000. Kinachoisumbua ni pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki. Inapozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo anayetembea kila siku na taa ya mafuta imewaka anaichoma. Plagi na koili zikichoka gari linamisi na unywaji unapanda bila wewe kujua, kwa hiyo pima kwa kujaza tenki mpaka juu, tembea, jaza tena, gawa kilomita kwa lita.

Siku ya kukagua dizeli, fika saa kumi na mbili asubuhi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Kwa joto letu la mchana, injini iliyochoka inawaka kama mpya. Shika boneti, iwe baridi. Washa mara moja. Moshi mweupe kidogo unaokata upesi hauna neno. Ukiendelea na injini ikitetemeka, kuna nozeli au kompresheni. Moshi wa bluu ni oili. Injini ikiwaka, fungua kifuniko cha oili ukigeuze na kukiweka wazi juu ya tundu: kikitetemeka ni sawa, kikirushwa na hewa, ringi za pistoni zimekwisha. Kwenye 1KD chungulia pia kuta za ndani ya tundu hilo. Masizi makavu meusi ndiyo zile washa za shaba. Halafu pandisha kilima kirefu na mzigo huku ukiangalia geji ya joto.

Kwa ratiba yako uliyoiandika, ningetafuta 5L yenye hedi nzima, hata kama itachelewa kufika Segera. Ukiikosa, 1KD iliyopimwa nozeli kwenye mashine mbele yako, na bei ipunguzwe kwa gharama ya washa za shaba, kusafisha chujio la sampu na mkanda wa taimingi, kazi zifanyike kabla haijaenda Pangani hata mara moja. Muuzaji akikataa gari lipimwe, rudi kwenye 2.7 ya petroli na uandae klachi mpya kabla ya msimu wa machungwa.