Pa kutafuta mawazo mapya ya kushona

Dada yangu wa Kondele, Kisumu, umesema kwamba kila gauni unalobuni linafanana na yale ya mafundi wenzako, nawe unauliza utafute wapi mawazo mapya. Ningekushauri uende Kibuye siku ya Jumapili, soko linapojaa, ukachague kwenye mitumba gauni moja kuukuu la kujifunzia tu. Lipindue, ulifumue taratibu kwa wembe, na uangalie jinsi fundi aliyelishona alivyoacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ili mwenyewe aweze kulipanua baadaye, na jinsi alivyoficha mkunjo mdogo begani ili mkono ukae vizuri. Mimi nimejifunza mengi kutoka kwa kola moja iliyofumuliwa kuliko picha zote nilizohifadhi kwenye simu.

Kisha itandaze leso ya mama yako sakafuni uitazame kama mchoro: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani msemo ulioandikwa humo. Jiulize vazi lako lingekuwaje iwapo pindo lingepanda kiunoni badala ya kubaki chini.

Makumbusho ya Kisumu pia yanafaa. Nenda na penseli, uchore michoro ya vyungu na misuko ya vikapu. William Morris, mbunifu wa vitambaa wa Uingereza, alipata mojawapo ya vitambaa vyake mashuhuri, cha mwaka 1883, kwa kutazama ndege waliokuwa wakiiba stroberi bustanini mwake. Nawe una ndege wengi ufuoni mwa ziwa.