Kodi ya zuio kwenye fremu ya Rock City Mall

Mkuu, kuhusu fremu ya biashara pale Rock City Mall, Mwanza: kodi ya zuio ni kodi ya mapato ya mwenye jengo ambayo wewe mpangaji unaikata kwenye pango na kuipeleka serikalini. Hiyo 10% ya zuio hukatwa kwenye pango tupu, kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani, 18%). Pango likiwa 1,000,000 kwa mwezi, VAT ni 180,000 na zuio ni 100,000. Mwenye jengo unamlipa 1,080,000, laki moja unaipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Wengi hukosea kwa kukata 10% kwenye 1,180,000, kisha mwenye jengo anawadai 18,000 zake, na kwa haki. Cheti cha zuio mpe mwenye jengo, ndicho anachojitetea nacho kwenye hesabu zake. Ila ukipanga fremu ya mtu asiyesajiliwa VAT, tuseme kule Buzuruga, hiyo 18% hana ruhusa ya kukutoza.